Polipu ya milimita 40 katika utumbo wa Mama: tukubali apasuliwe?

SWALI

Daktari, shikamoo.

Ninaandika kwa niaba ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 66. Tangu mwaka jana alikuwa akilalamika uchovu, na alipopimwa damu ikaonekana kwamba damu yake imepungua na madini ya chuma yako chini. Choo chake kilipopimwa maabara kilikutwa na damu isiyoonekana kwa macho, ndipo akaandikiwa kipimo cha kamera ya utumbo mpana. Ripoti inasema ana polipu moja, yaani uvimbe ulioota kwenye utando wa ndani, iliyo bapa na yenye upana wa milimita 40 hivi, upande wa kulia wa utumbo mpana, si mbali na mahali utumbo mwembamba unapoishia. Walichukua vinyama viwili vya kupima, na majibu yakaja kwamba ni adenoma yenye mabadiliko ya seli ya kiwango cha chini, na kwamba saratani haikuonekana.

Daktari aliyemfanyia kipimo alituambia kuwa polipu hiyo ni kubwa mno kutolewa kwa kamera, akampa rufaa kwa daktari wa upasuaji. Huyo naye amepanga kuukata upande wote wa kulia wa utumbo mpana na kuunganisha kilichobaki, na tarehe imeshawekwa, wiki tatu kutoka sasa. Baadaye tabibu mmoja ambaye ni rafiki wa mume wangu akatuambia kuwa polipu za ukubwa huo siku hizi hutolewa kwa kamera bila kupasua tumbo, iwe kwa vipande au kwa kipande kimoja. Tangu hapo familia imegawanyika. Kaka yangu anasema utumbo ukatwe, mambo yaishe. Mama mwenyewe hataki kusikia habari ya kisu. Mimi nina hofu kwamba wakiikata vipande vipande wataisambaza kama ni saratani iliyojificha. Isitoshe, Mama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Naomba utueleze: kama si saratani, kwa nini akatwe utumbo? Kweli kitu cha milimita 40 kinaweza kutolewa kwa kamera? Hatari zake ni zipi? Na sisi watoto, je, tunapaswa kupimwa?

Binti mwenye wasiwasi

JIBU

Marahaba, dada. Nakushukuru kwa kuniandikia ripoti kwa ukamilifu, maana bila ule upana wa milimita, bila mahali polipu ilipo na bila neno “bapa”, ningeshindwa kukujibu lolote la maana.

Kwa maelezo uliyonipa, sioni sababu ya Mama kuingia chumba cha upasuaji kabla polipu yake haijatazamwa na mtaalamu wa endoskopi, yaani uchunguzi na tiba kwa kamera, ambaye kutoa polipu kubwa ndiyo kazi yake ya kila wiki. Sisemi upasuaji ufutwe. Nasema usogezwe mbele hadi maoni hayo yapatikane, na adenoma ya namna hii haikui kwa kasi ya kuufanya mwezi mmoja au miwili uwe hatari. Miongozo ya chama cha wataalamu wa endoskopi wa Ulaya na ile ya vyama vya madaktari wa mfumo wa chakula vya Marekani inakubaliana katika hili: polipu isiyo na dalili za saratani iliyozama haipelekwi kwenye kisu kwa sababu ya ukubwa wake tu, bali mgonjwa hupelekwa kwanza kwenye kituo chenye ujuzi wa kuitoa kwa endoskopi. Daktari aliyesema ni “kubwa mno” huenda alisema kweli kwa upande wa ujuzi na vifaa vyake, na kukiri hivyo ni uungwana kuliko kujaribu na kuishia njiani. Tatizo ni kwamba rufaa aliyoitoa iliruka hatua moja.

Nieleze kwanza hiyo adenoma ni nini. Ni ukuaji wa tezi za utando wa ndani wa utumbo ambao umeacha kufuata utaratibu wake wa kawaida, lakini haujapenya kwenda chini. Nyingi hubaki hivyo maisha yote. Chache, baada ya miaka, hugeuka saratani, na kadiri polipu inavyokuwa kubwa ndivyo uwezekano huo unavyoongezeka. Ndiyo maana iliyofikia milimita 20 au zaidi huhesabiwa kuwa kubwa, na haiachwi ikae. Kwa hiyo kaka yako hana kosa anapotaka kitu hicho kitoke. Kinachojadiliwa ni mlango kitakaotokea.

Kuhusu vile vinyama viwili, majibu yake yanafariji lakini hayamalizi hoja. Kinyama cha kupima kinasema habari za pale kilipochomolewa tu, na polipu yenye upana wa milimita 40 ina nafasi kubwa ya kuficha eneo baya ambalo koleo halikuligusa. Tena kila kinyama kinapochukuliwa huacha kovu chini ya utando, na kovu hilo huifanya polipu ing’ang’anie ukuta wa utumbo siku ya kuitoa. Nakuomba, basi, msikubali vichukuliwe vinyama vingine “kwa uhakika zaidi” kabla ya kumwona mtaalamu. Vilevile, kama kuna atakayetaka kuweka alama ya wino ili mahali pale pasipotee, wino huo usiwekwe chini ya polipu wala ubavuni mwake. Kwa kawaida huwekwa umbali wa sentimita 3 hivi kutoka kwenye polipu, na kwa upande wa kulia kabisa mara nyingi hauhitajiki, kwa kuwa mahali penyewe hutambulika bila alama.

Kipimo kinachosema zaidi kuliko vinyama ni jicho lililofunzwa. Mtaalamu huisafisha polipu kwa maji, akaitazama kwa kamera yenye picha kali na kwa mwanga maalumu unaodhihirisha mishipa midogo ya damu, huku akiikuza mara nyingi. Anachosoma ni mpangilio wa vitundu vya tezi juu ya polipu, elimu iliyopangwa kwa utaratibu na daktari Shin-ei Kudo wa Japani, pamoja na umbo lake kwa jumla. Polipu bapa yenye chembechembe zinazolingana kila mahali ni nadra sana kuwa na saratani ndani yake. Yenye nundu kubwa inayojitokeza kati ya chembechembe hizo hutiliwa mashaka zaidi, hasa pale penye nundu, na ile laini isiyo na chembechembe, yenye kibonyeo katikati, hutiliwa mashaka kuliko zote. Pale mpangilio wa vitundu na mishipa unapovurugika kabisa, hiyo ni dalili kwamba saratani imeshazama, na hapo kamera haina tena kazi isipokuwa kumwonyesha daktari wa upasuaji mahali pa kukata. Neno “bapa” peke yake kwenye ripoti ya Mama halitoshi kutuambia yeye yuko kundi gani. Ombeni picha, na kama kuna video, bora zaidi. Wataalamu wengi huweza kuamua mengi kwa kuzitazama kabla mgonjwa hajafika.

Sasa nigeukie kinachofanyika chumbani, kwa sababu nahisi hofu ya Mama na hofu yako zote zinatokana na kutokiona.

Ukuta wa utumbo mpana una unene wa milimita chache tu, lakini umepangwa kwa tabaka. Ndani kabisa kuna utando ambako adenoma huota, chini yake kuna tabaka laini lenye mishipa ya damu na ya limfu (majimaji ya mwili), kisha msuli. Siri yote ya kutoa polipu kubwa bila kutoboa utumbo ni kuutenga utando na msuli. Daktari hupitisha sindano ndefu ndani ya mrija wa kamera, akaingiza kimiminika katika lile tabaka laini, na polipu ikanyanyuka kama ngozi inavyonyanyuka ikitunga lengelenge. Kimiminika chaweza kuwa maji ya chumvi, ingawa hayo hunywea upesi, hivyo wengi hupenda kilicho kizito zaidi, kama myeyusho wa jelatini. Huchanganywa na rangi ya buluu, na mara nyingi na adrenalini kidogo ya kupunguza damu. Rangi hiyo ina kazi kubwa: palipokatwa pakibaki na buluu nyororo iliyosambaa sawasawa, daktari anajua yuko katika tabaka salama, akiona pete nyeupe, anajua ameugusa msuli na hufunga mahali pale papo hapo.

Ufundi huu si wa jana. William Wolff na Hiromi Shinya walianza kutoa polipu za utumbo mpana kwa kamera mjini New York mwaka 1969, na kuingiza kimiminika chini ya polipu bapa kabla ya kuikata kuliandikwa na madaktari wa Ulaya mwaka 1973. Kilichoongezeka tangu hapo ni ubora wa picha, vifaa na mazoea ya mikono.

Baada ya kunyanyua, kuna njia mbili kuu, na hizi ndizo zile mbili alizozitaja rafiki wa mume wako. Ya kwanza, ambayo kwenye ripoti huandikwa EMR, hutumia kitanzi cha waya kinachozungushwa kwenye polipu, kikakazwa, kisha umeme ukapitishwa ili kukata na kuziba mishipa kwa pamoja. Polipu ndogo kuliko milimita 20 huweza kutoka nzima kwa kitanzi kimoja. Ya milimita 40 hutolewa kwa vipande kadhaa vinavyofuatana, kila kitanzi kikianzia palipoishia kilichotangulia ili pasibaki kisiwa katikati. Udhaifu wake wa siku zote ulikuwa kwamba masalia yasiyoonekana pembezoni huota tena. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba kuunguza kidogo ukingo wote wa kidonda kwa ncha ya kitanzi, baada ya polipu yote kuondoka, kunashusha kurudi kwa polipu kutoka takriban wagonjwa 21 katika kila 100 hadi wagonjwa 5 hivi. Hatua hiyo inaongeza dakika chache tu. Mimi ningemuuliza mtaalamu waziwazi kama huifanya, na jibu lake lingeniambia mengi kuhusu jinsi anavyofanya kazi.

Njia ya pili, ESD, ilikomazwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya saratani changa za tumbo la chakula, kisha ikaletwa kwenye utumbo mpana. Hapa hakuna kitanzi. Daktari hutumia kisu kidogo sana cha umeme kinachopita ndani ya kamera, akakata utando kuizunguka polipu, kisha akaingia chini yake na kuichambua kutoka kwenye msuli polepole mpaka itoke nzima, hata ikiwa na upana wa sentimita kadhaa. Kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa, inahitaji mafunzo marefu, na hatari ya kutoboa ni kubwa kuliko ya kitanzi, hasa upande wa kulia ambako ukuta ni mwembamba.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Kwa sababu kipande kizima kinamwezesha mwanapatholojia, yaani daktari anayechunguza nyama iliyotolewa kwa hadubini, kujibu maswali ambayo vipande vilivyotawanyika haviwezi kuyajibu. Kama ndani mna saratani changa, yeye hupima imezama kina gani chini ya utando, akatazama kama seli zimeingia kwenye mishipa ya damu au ya limfu, kama ni za aina kali, na kama kingo zote ni safi. Saratani iliyozama chini ya milimita 1, isiyo na dalili yoyote kati ya hizo mbaya na iliyotoka na kingo safi, ina uwezekano mdogo sana wa kuwa imefika kwenye tezi za limfu, na mgonjwa huweza kuhesabiwa amepona bila kupasuliwa. Polipu hiyohiyo ikija kwa vipande kumi, hakuna anayeweza kuthibitisha hayo kwa uhakika, na mgonjwa huishia kupasuliwa kwa sababu ya shaka tu.

Hapo ndipo lilipo jibu la hofu yako, dada. Adenoma haisambai kwa kukatwa vipande. Seli zake hazina uwezo huo. Hasara ya vipande ni mbili: masalia yanayoweza kuota tena, na ugumu wa kusoma kingo pale saratani inapokutwa bila kutarajiwa. Kwa hiyo, kama uso wa polipu ya Mama utasomeka kuwa na chembechembe sawasawa bila eneo la kutilia shaka, mimi naona kitanzi kwa vipande kinatosha, na sioni faida ya kumwongezea saa za usingizi na hatari ya kutobolewa ili tu atolewe kipande kizima. Kama kutaonekana nundu kubwa au kibonyeo, mambo yanageuka, na inafaa itafutwe njia ya kuitoa nzima, au angalau ile sehemu yenye shaka itoke kwa kipande kimoja. Zipo njia nyingine utakazozisikia, kama kitanzi kisichotumia umeme, ambacho hupunguza damu ya baadaye lakini huacha masalia mengi zaidi kwenye adenoma kubwa. Nyingine ni kukata huku utumbo umejazwa maji badala ya hewa. Na kipo kifaa kinachokata unene wote wa ukuta na kuufunga kwa wakati mmoja, ambacho hufaa vidonda vidogo vilivyonata. Msichague hospitali kwa jina la njia. Chagueni kwa mazoea ya mtu.

Nasisitiza mazoea kwa sababu jaribio la kwanza ndilo lenye nafasi nzuri kuliko yote. Polipu iliyokatwa nusu ikaachwa hushikwa na kovu, na kimiminika kikiingizwa tena hainyanyuki. Kutonyanyuka ni dalili pia ya saratani iliyozama, na kutenganisha sababu hizo mbili kwenye polipu iliyokwisha kuchokolewa ni kazi ngumu. Muulizeni mtaalamu hutoa polipu za zaidi ya milimita 20 mara ngapi, ni wangapi kati ya wagonjwa wake walirudi na masalia, na kama siku hiyo kuna daktari wa upasuaji karibu. Mtaalamu wa kweli haudhiki kwa maswali haya. Mweleze pia kwamba polipu iko karibu na mwisho wa utumbo mwembamba, kwani ikiwa imepanda juu ya vali ya hapo au imeingia kwenye tundu la kidole tumbo, kuitoa kunakuwa kugumu zaidi na huenda kukashindikana.

Sasa hatari zenyewe. Kwa njia ya kitanzi, kutoboka hutokea kwa mgonjwa mmoja au wawili katika kila 100, na tundu likionekana mapema mara nyingi hufungwa hapohapo kwa klipu ndogo za chuma bila upasuaji. Kutoka damu wakati wa kukata ni jambo la kawaida na huzuiwa palepale. Damu inayotusumbua ni ile ya baadaye, ambayo yaweza kuja hadi wiki 2 baada ya kurudi nyumbani. Upande wa kulia ndio unaoongoza kwa jambo hili, na jaribio jingine la mwaka 2019 lilionyesha kuwa kidonda cha upande huo kikifungwa kwa klipu, damu ya baadaye hushuka kutoka karibu wagonjwa 10 katika 100 hadi 3 hivi. Kwa mama yako, mwenye polipu upande huohuo na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, ningependa kidonda kifungwe ikiwezekana.

Linganisheni na upasuaji. Kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa wa Marekani waliokatwa utumbo kwa ajili ya polipu zisizo saratani zilionyesha kuwa takriban 14 katika kila 100 walipata tatizo kubwa baada ya upasuaji, na 7 hivi katika kila 1,000 walifariki ndani ya siku 30. Kwa mtu mwenye saratani, hizo ni hatari zinazokubalika. Kwa mwenye adenoma inayoweza kutoka kwa njia nyingine, ni nyingi mno. Na kwa kaka yako: kukata utumbo hakumalizi mambo, kwa kuwa sehemu iliyobaki bado itahitaji kupimwa kwa kamera miaka inayofuata.

Dawa ya kuzuia damu kuganda ndiyo sehemu ninayoihofia zaidi ikiwa itaachiwa familia. Mama asiiache mwenyewe, wala asiendelee nayo kimya. Kama ni warfarini, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla na damu hupimwa kuhakikisha imerudi kwenye kiwango kinachofaa. Kama ni vidonge vya aina mpya, husimamishwa siku 2 au 3, na zaidi kama figo zimechoka. Kuirudisha lini baada ya kukatwa ni uamuzi wa kupima kiharusi upande mmoja na damu ya utumbo upande mwingine, na unatakiwa ufanywe na daktari wa moyo pamoja na mtaalamu wa endoskopi, kwa maandishi, kabla ya siku yenyewe.

Siku ya kazi, mafanikio huanza na utumbo safi. Dawa ya kuharisha hunywewa kwa awamu mbili, nusu jioni na nusu alfajiri, na awamu ya pili ndiyo watu huikwepa, ilhali ndiyo inayosafisha upande wa kulia. Atapewa dawa ya usingizi. Vituo vizuri hutumia gesi ya kaboni dioksidi kuupanua utumbo badala ya hewa, kwa kuwa hufyonzwa haraka na tumbo haliumi sana baadaye. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa hali ya Mama nisingeshangaa akilazwa usiku mmoja. Akiwa nyumbani, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa, tumbo kuwa gumu, kizunguzungu, au choo chenye damu nyingi nyekundu au cheusi kama lami ni sababu ya kurudi hospitali saa hiyohiyo, si kesho yake. Homa na maumivu huweza pia kutokana na ukuta ulioungua bila kutoboka, hali inayotulia kwa mapumziko na dawa, lakini anayeweza kusema ni ipi kati ya hizo mbili ni hospitali.

Kuna jambo moja ambalo Mama lazima alikubali kabla ya kuchagua kamera. Polipu ikitoka kwa vipande, atarudi kuangaliwa kovu baada ya miezi 6 hivi, kisha baada ya mwaka mwingine, na baadaye kwa vipindi virefu zaidi. Masalia yakikutwa katika ziara hizo kwa kawaida ni madogo na hutolewa palepale. Asiporudi, faida yote niliyoieleza inapotea, na kama mnamjua kuwa ni mtu asiyerudi hospitali akishapata nafuu, mwambieni mtaalamu ukweli huo; unaweza kubadilisha ushauri wake.

Hujauliza, lakini nalitaja. Polipu kubwa ya upande wa kulia inaweza kabisa kueleza upungufu wa damu wa Mama, hasa akiwa kwenye dawa hiyo. Hata hivyo, kwa umri wake, upungufu wa madini ya chuma hudai tumbo la chakula nalo litazamwe kwa kamera ya kupitia mdomoni. Katika barua yako sikuona kama lilitazamwa. Kama bado, liombeni, maana mara nyingi vipimo vyote viwili huweza kufanyika katika usingizi mmoja. Na madini ya chuma aanze kurudishiwa sasa, ila vidonge vyake visimamishwe takriban wiki moja kabla ya kipimo, kwa kuwa huchafua utumbo na kuficha picha.

Kuhusu ninyi watoto, adenoma iliyofikia milimita 10 au zaidi huhesabiwa kuwa ya hatua ya juu, na ndugu wa damu wa karibu wa mwenye nayo, yaani watoto na ndugu zake wa tumbo moja, wana hatari iliyoongezeka kiasi. Miongozo ya Marekani inashauri waanze kupimwa wakiwa na umri wa miaka 40. Aliyekwisha kuvuka umri huo asisubiri, na mwenye damu chooni, upungufu wa damu usioelezeka au mabadiliko ya choo yanayodumu apimwe bila kujali umri. Kila mmoja wenu abaki na nakala ya ripoti ya mwanapatholojia, ya polipu nzima baada ya kutolewa na si ya vile vinyama viwili, kwa sababu daktari wake atataka kujua ukubwa na aina kabla ya kumpangia kipimo cha kamera au cha choo, na kila baada ya miaka mingapi akirudie.